Mlango wa Babu Seif Katika Miji Minne

Bawshar, Maskati
Alkhamisi, 2 Oktoba 2003

Kaka yangu Mahfoudh,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi yangu na wote waliomo nyumbani mwako hapo Dar es Salaam. Vipi goti lile la kushoto? Na presha? Wifi ameacha kutia chumvi chunguni kama alivyoniapia, au bado unamshawishi? Sisi huku hatujambo kwa kiasi chake. Joto limeanza kupungua, watoto wamerudi shule, na sukari ya Mama inapanda na kushuka, ila ulimi wake haujashuka hata siku moja. Anakusalimu sana. Mimi hajanisalimu hii wiki ya pili, na sababu yake utaijua ukiendelea kusoma.

Nimeona niandike badala ya kupiga simu kwa sababu mbili. Ya kwanza, kwenye simu wewe husemi, unahutubia, na mtu akitaka kutia neno kadi inakwisha. Ya pili nitakueleza nikiifikia. Jirani yetu Yaqdhan anasafiri kuja huko Jumamosi, nimemwambia akupe mkononi mwako, asiiache dukani kwa mtu yeyote. Nakuomba uisome ukiwa umekaa, na uisome mpaka mwisho, kwa sababu nimeiandika nikiwa na hasira na huenda njiani ukatamani kuichana.

Hasira yangu naanza nayo kwako. Nimesikia umempa Hamoud mpaka kuandama kwa mwezi wa Ramadhani awe ameshatoka kwenye nyumba ya Babu, yeye na mkewe na vyombo vyao, na ufunguo aukabidhi kwa jirani. Hamoud, mtoto wa ami yetu, aliyezaliwa ndani ya nyumba ile na hajapata kulala kwengine. Sisi tulipokuja huku kutafuta maisha, na wewe ulipohamia bara kwa biashara zako, ni yeye aliyebaki kuziba dari kila masika na kupaka chokaa kila Mfunguo Tatu. Leo unamtoa kwa sababu Yaqdhan alikuletea picha moja aliyoipiga kwenye bustani ya watoto Maskati, ukaona mlango wa Babu Seif umesimama huku, na jina la Babu juu yake, na chini ya jina watu wanaingia chooni. Umesema Hamoud ameiuza sura ya nyumba kwa wazungu. Nimeambiwa ulisema mbele ya watu msikitini Unguja, baada ya Ijumaa, na yeye akiwapo.

Hamoud hakuuza kitu. Hilo nalitanguliza ili ulisome kabla hujachoka. Namna ninavyolijua nitakueleza, lakini kwanza uijue hiyo bustani, maana Yaqdhan ni mtu wa kupiga picha tu, akishabonyeza anaona amemaliza kuelewa.

Kampuni yenye bustani hiyo ni ya ng'ambo. Bustani zao wanazijenga mara moja kwenye karatasi, halafu wanazirudia mpaka wachoke. Wana kitabu kinene kuliko mito miwili ya kulalia, na kila sehemu ya bustani wanaiita nchi, na kila nchi ina namba yake. Namba mbili ni Nchi ya Maharamia. Namba nne ni Nchi ya Barafu, ambayo huku Maskati imewekwa chini ya paa lenye mashine za baridi, watoto wanaingia na makoti ya kukodi. Namba saba ni Pwani ya Karafuu, na hiyo ndiyo sisi. Mwenye kiwanja popote duniani anafungua kitabu na kuchagua kama sisi tunavyochagua vitambaa madukani Hamriya, anataka ile na ile, hii hapana. Kisha nchi zinakuja ndani ya makontena. Kalibu ziko kiwandani kwao, wanamimina faibaglasi, ikikauka wanaibandua na kuipaka rangi ya mbao kuukuu.

Ofisi yetu ya Al Khuwair ndiyo iliyopewa kusimamia ujenzi wa hapa, kwa hiyo nimekisoma kitabu hicho mstari kwa mstari. Hata ukungu wa ukutani umo, Mahfoudh. Doa la maji lililo chini ya dirisha la ghorofani lina kipimo chake na namba ya rangi yake, na fundi akilikosea anaambiwa alirudie. Kanga zilizoanikwa kambani zimegandishwa kwa gundi ili zionekane zinapepea hata kama hakuna upepo. Kuna paka juu ya baraza, paka mmoja yule yule katika kila mji, sikio lake la kulia limekatika. Kuna tundu ukutani linalotoa harufu ya karafuu kila baada ya dakika nane. Nilisimama na saa nikahesabu, na kila ilipotoka nilitamani kuliziba kwa kiganja.

Pwani ya Karafuu ilijengwa mara ya kwanza mwaka 1996 katika mji mmoja wa Ulaya, na mlango wa Babu ukawa mlango wa duka la peremende. Mwaka 1998 ikajengwa Mashariki ya Mbali. Huko kiwanja kilielekea upande wa pili, basi wakaigeuza nchi nzima kama mtu anavyovaa kanzu nyuma mbele, na jina la Babu likachongwa kinyume, halisomeki ila kwenye kioo. Hakuna aliyejali. Mwaka 2001 ikaja Ghuba, kwa jirani zetu, na mlango ukawekwa kwenye mkahawa wa kuku wa kukaanga. Mara ya nne ni hapa Maskati. Kiwanja kilikuwa kidogo, duka halikupata nafasi, na mlango ambao Babu alikuwa hauingii bila kuvua viatu ukapewa kazi ya vyoo.

Na kwenye kizingiti cha juu, wewe unajua, Babu alichongesha mistari miwili. Wa juu unasema Yaa Fattaahu, wa chini unasema hii ni nyumba ya Seif bin Mahfoudh na mwaka wake. Kitabu kiliiweka yote miwili kama nakshi. Waliokitengeneza hawakujua kuwa yale ni maandishi, waliona ni maua. Huku alikuwepo fundi wa rangi, Mbaluchi mmoja mtu mzima, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuisoma. Aliweka brashi chini na kusema hagusi tena mlango wenye jina la Mungu juu ya choo. Taimur, mkuu wa ofisi yetu, akaenda mbio, akaruhusu mstari wa juu ufutwe, bila kuwauliza wenye kitabu. Yule mzee akausaga kwa msasa mwenyewe, kwa mkono, taratibu, na vumbi lake akalikusanya kwenye gazeti akaenda kulifukia. Kisha akauliza kuhusu mstari wa chini. Akaambiwa huo ni jina la mtu tu, uache.

Jina la mtu tu. Maneno hayo nimelala nayo na kuamka nayo tangu Juni.

Nilikwenda kwa Taimur. Nilimwambia kuwa mtu huyo tu ni babu yangu, na kwamba analo kaburi na anao wajukuu. Taimur si mtu mbaya, alinisikitikia kweli. Lakini akanieleza kuwa jina halitoki ila kwa kubadilisha kitabu, na kitabu hakibadilishwi kwa mji mmoja, ni lazima miji yote minne iombe pamoja kwa fomu. Akanijazia hiyo fomu. Jibu lilikuja baada ya wiki sita, karatasi moja, kwamba wageni wa bustani wanapenda mambo ya asili na nakshi hiyo inasaidia kuifanya nchi namba saba ionekane ya kweli. Niliisoma mara tatu, nikaenda kuosha uso, nikarudi mezani nikavunja penseli zangu zote moja moja. Wenzangu walidhani nimefiwa.

Sasa nije kwa Mama. Uamuzi wako ulipomfikia Hamoud, alimpigia Mama simu. Hakulalamika. Alimwambia tu amsamehe kama kuna alipomkosea, na amwombee apate chumba karibu na msikiti. Mama aliweka simu chini, akaniambia nimpeleke akauone huo mlango kwa macho yake. Nilimzungusha siku tatu, mara gari bovu, mara joto. Siku ya nne alikuwa ameshavaa buibui na amekaa kitini tangu alfajiri, mkoba mapajani. Nikampeleka.

Sikumwambia mlango ule unaingia wapi. Nilifikiri nitamwonyesha kwa mbali, nimnunulie maji, turudi. Lakini unamjua na sukari yake, hakai nusu saa bila kuhitaji kujisitiri. Tulipofika kwenye Pwani ya Karafuu alikuwa tayari amebanwa, akamuuliza mfagiaji choo kiko wapi, na mfagiaji akanyoosha kidole. Mama akaenda kwa haraka yake ile ya kuchechemea. Akafika. Akainua macho. Wanawake walikuwa wanapita kulia na kushoto kwake na watoto wao, na yeye amesimama anasoma jina la baba mkwe wake.

Mama hakuwahi kumtaja Babu Seif kwa jina maisha yake yote. Hata leo anasema "marehemu wa juu", kwa sababu alikaa chumba cha juu. Nilimshika mkono nikamwambia tuingie tu, Mama, ni plastiki, si mlango wenyewe. Akautoa mkono wake mkononi mwangu.

"Mimi siingii chooni kwa baba mkwe wangu," akasema.

Ikabidi nimwambie tuondoke twende nyumbani. Lakini hakuondoka mara moja. Alisogea mpaka kwenye ubao wa kulia, akaanza kuhesabu kwa kidole njumu za shaba zilizopigiliwa ubaoni, kutoka chini kwenda juu, kama alivyokuwa akizisugua kwa ndimu na majivu kila mkesha wa sikukuu alipokuwa bibi harusi mgeni. Safu ya tatu kutoka chini, ya pili kutoka kwenye mfaa wa katikati, kidole kikazama. Hapana njumu. Lipo tundu tu.

Unalijua tundu hilo kuliko mtu yeyote. Ulikuwa na miaka tisa, ukaing'oa njumu ile kwa tofali ili uifanye gurudumu la gari lako la mbao, na Baba alikuchapa mpaka ami akaja kukuombea. Basi tundu lako nalo limo kitabuni, Mahfoudh. Kiwandani waliliona, wakauliza kama ni kosa la mchoro, wakajibiwa waliache kama lilivyo. Limemiminwa kwenye faibaglasi mara nne. Katika mji wa Ulaya, watoto wasiojua Unguja iko upande gani wanatia vidole vyao ndani ya kosa lako.

Mama alikiacha kidole mle ndani kwa muda. Kisha akanigeukia.

"Hili pengo la Mahfoudh," akasema. "Hamoud kalifunga mwaka wa harusi yake, kaniletea na picha, nnayo sandukuni. Sasa hawa, Nasriya, pengo wamelipata kwa nani?"

Alinitazama hapo, mbele ya choo, na mimi nikatazama paka wa plastiki. Akajifunga mtandio wake sawasawa, akaanza kwenda garini peke yake. Alijizuia njia nzima mpaka Bawshar, mwanamke wa miaka sabini na mbili mwenye sukari, na alipoteremka hakukubali nimshike.

Ndiyo hiyo sababu ya pili ya kuandika. Ichukue ile picha aliyokuletea Yaqdhan, isogeze kwenye mwanga, vaa miwani. Utaliona tundu. Hamoud aliliziba mwaka 1992, kwa njumu aliyomchongesha mfua shaba ili mkewe asikute mlango wenye kasoro. Mtu aliyeutoa mlango huu hakuwa ameuona tangu kabla ya hapo. Tangu ahamie Maskati alirudi Unguja mara moja tu, mwaka 1988, kwenye hitima ya ami, akakaa siku kumi, na kwa kuwa kazi yake ni kuchora ramani, hakuweza kukaa bure. Akachukua futi akaupima mlango wote, kizingiti, miimo, mfaa, njumu, akaandika kwenye daftari. Hamoud ndiye aliyemshikia ncha ya futi.

Ni mimi.

Mwaka 1995 watu wa kampuni walikuja Al Khuwair na picha zao za Pwani ya Karafuu. Ungeziona ungecheka. Nyumba zilikuwa na makuba ya Kihindi, mlangoni mna ngamia, na dirishani amechungulia mwanamke mwenye pete ya pua. Taimur alitukusanya akauliza kama yupo anayeijua pwani ile. Nilikuwa na miaka thelathini na nne, mwanamke pekee kwenye chumba cha wachoraji, na kwa miaka saba nilikuwa nikipewa kuchora maegesho ya magari na vyoo vya wizara. Nilisimama nikasema hivyo sivyo. Nikasema mimi nitawaonyesha. Hakuna aliyenilazimisha wala aliyenihonga. Nilileta daftari langu kutoka nyumbani, nikakaa siku tatu, sikula mchana, nikawachorea mlango wa Babu Seif kwa kipimo chake, na nilipofika kwenye tundu lako nikacheka peke yangu na kulichora pia, kwa mapenzi, kwa sababu bila tundu haukuwa mlango wetu. Walinipigia makofi. Nilitia saini karatasi inayosema kazi yote ya ofisini ni mali ya ofisi, nikaona ni karatasi kama karatasi nyengine. Nilitaka wajue tulikotoka. Nilitaka mtu mmoja katika mji huu auone mlango ule akaacha kuniuliza kama kwetu tulikuwa tunakaa vibandani.

Hilo ni kosa, lakini naweza kulibeba. Lililonivunja ni la pili, na hili unalo wewe mwenyewe, ila hujui ulilonalo. Unakumbuka uliponipigia simu mwezi wa nane, sauti imekupanda, ukaniuliza ni nani angeweza kuwapa watu hawa mlango wetu. Nilikuwa jikoni. Ungeningoja pumzi moja ningesema. Badala yake ulisema kwamba aliyefanya hivyo hutamsamehe mpaka unaingia kaburini, na mimi nikaogopa kama mtoto. Nikakwambia kuwa Hamoud huwafungulia watalii kila siku, wanapima, wanapiga picha, nani ajuaye. Maneno ni hayo. Jina la Hamoud lilitoka kinywani mwangu kabla halijatoka kwako. Wewe ulilipeleka msikitini tu.

Na nikakaa kimya wiki sita, Mahfoudh, nikiikasirikia kampuni. Nilingoja jibu la fomu, nikavunja penseli, nikamwambia kila mtu ofisini walivyotudhalilisha. Ilikuwa rahisi kuwa na hasira nao, maana hasira hiyo ilikuwa ya haki na ilinipa usingizi. Kampuni ilimweka babu yetu juu ya vyoo, nami nikamtoa nyumbani mjukuu wake anayeitunza nyumba yake. Sijui kati yetu ni nani aliyefanya jambo chafu zaidi. Mama anajua. Tangu siku ile anajipikia mwenyewe, na juzi alipita mlangoni kwangu akasema, bila kuniangalia, kuwa ananipa mpaka safari ya Yaqdhan.

Ndani ya bahasha hii nimekunja mchoro wenyewe, ule wa kwanza. Nimeutoa kwenye droo ya Taimur jana mchana na sikuomba ruhusa. Akinifukuza, na anifukuze. Angalia pembe ya chini, upande wa kulia, kwenye kisanduku cha mchoraji. Ni mwandiko wangu, jina langu kamili na tarehe, na juu yake tundu lako.

Sikuombi unisamehe, uliapa na mimi nilikusikia. Nakuomba upande boti ya asubuhi siku utakayoipata barua hii. Nenda Unguja, mkute Hamoud kabla hajafunga mizigo. Kama ulimsema baada ya sala ya Ijumaa, basi mtafute Ijumaa, msikiti ule ule, watu wale wale. Msomee barua hii kwa sauti, yote, usiruke pale nilipolitaja jina lake jikoni. Mchoro mpe yeye auweke au auchome, ni haki yake. Mwambie nitakuja baada ya Idi, inshallah, na kwamba sitaingia mpaka anifungulie mwenyewe. Akikataa nitakaa barazani, na nitaelewa.

Msalimie sana wifi, na wapwa zangu wote mmoja mmoja, na jirani zako wanaonikumbuka. Mama anakwambia uende hospitali kwa hilo goti, na ukiwa Unguja upitie kaburi la marehemu wa juu umsomee Fatiha na umtake radhi kwa niaba yetu sote. Mimi nakutakia afya na Ramadhani njema. Usihangaike kunijibu. Kama una karatasi na wino, mwandikie Hamoud.

Wabillahi tawfiq.

Dada yako,
Nasriya binti Said bin Seif